Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Je, majimbo ya Kusini ya Marekani yalistahili kujitenga?

Maswali haya hurudi kila vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vinapotajwa, iwe darasani au barazani. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale magumu. Jibu la swali kubwa nalitoa mapema, ili msomaji ajue anayemjibu amesimama wapi: majimbo ya Kusini hayakustahili kujitenga. Sitegemei sana kifungu fulani cha katiba, maana juu ya hilo wanasheria wa wakati ule walibishana, na kila upande ulikuwa na cha kusema. Nategemea watu. Waliotangaza "sisi watu wa Kusini tunaondoka" walikuwa wanaishi na mamilioni ya watu waliowahesabu kuwa mali, na waliondoka ili waendelee kuwahesabu hivyo.

## Mambo ya msingi

Ni majimbo gani yaliyojitenga, na lini?

Ni 11. South Carolina ilitangulia tarehe 20 Desemba 1860, wiki sita baada ya Abraham Lincoln kushinda uchaguzi wa rais. Mississippi, Florida, Alabama, Georgia na Louisiana zikafuata Januari 1861, kisha Texas mwanzoni mwa Februari. Hayo saba yaliunda Shirikisho lao na kumpa urais Jefferson Davis wa Mississippi, yote hayo kabla Lincoln hajaapishwa tarehe 4 Machi.

Virginia, Arkansas, North Carolina na Tennessee ziliondoka baada ya mizinga ya Kusini kuishambulia ngome ya Sumter kwenye bandari ya Charleston, tarehe 12 Aprili 1861, na Lincoln kuita askari wa kujitolea 75,000. Hakuna nchi iliyowahi kulitambua rasmi Shirikisho hilo kuwa dola huru.

Je, majimbo yote yenye utumwa yaliondoka?

Hapana. Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri zilikuwa na watumwa na zikabaki. Wapo wanaoshika hapa na kusema: basi vita havikuwa vya utumwa. Lakini tazama mpangilio. South Carolina, ambako watumwa walikuwa asilimia 57 ya watu wote, ilikuwa ya kwanza kuondoka. Mississippi, asilimia 55, ikawa ya pili. Delaware, iliyobakiwa na watumwa wasiofika 1,800, haikuondoka kabisa. Kwa jumla, jimbo lilivyozidi kuwa na watumwa ndivyo lilivyowahi mlangoni.

Watumwa walikuwa wangapi?

Sensa ya 1860 ilihesabu karibu milioni 4 nchi nzima. Katika majimbo 11 yaliyojitenga walikuwa kama milioni 3.5 kati ya watu milioni 9, yaani karibu wanne katika kila kumi. Shika hesabu hiyo, kwa sababu majibu mengi hapa chini yanairudia.

Bei zao sokoni, zikijumlishwa, zilikadiriwa kuwa dola bilioni 3 hivi, zaidi ya thamani ya reli na viwanda vyote vya Marekani wakati huo. Pamba waliyoilima na kuichuma ilikuwa zaidi ya nusu ya mali yote iliyouzwa nje ya nchi. Mwenye mashamba makubwa kule Natchez au Charleston alikuwa na utajiri wake umefungwa ndani ya miili ya watu, na alijua hivyo.

## Kwa nini waliondoka

Ni kweli sababu ilikuwa utumwa? Si hadithi ya washindi?

Hatuhitaji kuwauliza washindi. Waliojitenga walieleza wenyewe kwa maandishi, wakati ule ule, wakiamini wana haki na hawana cha kuficha.

Tamko la Mississippi la Januari 1861 linaanza kwa kusema kwamba msimamo wao "umefungamana kabisa na utumwa, ambao ni maslahi makubwa ya mali kuliko yote duniani." Tamko la South Carolina linalalamika kwamba majimbo ya Kaskazini hayarudishi watumwa waliotoroka, kwamba yanaachia vyama vya kupinga utumwa vifanye kazi, na kwamba yamemchagua rais ambaye maoni yake ni adui wa utumwa. Texas na Georgia nazo ziliandika matamko ya namna hiyo hiyo.

Tarehe 21 Machi 1861, makamu wa rais wa Shirikisho, Alexander Stephens, alisimama mbele ya umati kule Savannah akasema kwamba serikali yao mpya imejengwa juu ya ukweli kwamba mtu mweusi si sawa na mweupe, na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili. Aliliita hilo jiwe la pembeni la nchi yao. Katiba waliyoipitisha siku kumi kabla ilikataza kutungwa kwa sheria yoyote ya kuondoa au kupunguza haki ya kumiliki watumwa weusi.

Hadithi ya kwamba walipigania jambo jingine ilishamiri baada ya kushindwa. Davis na Stephens wote wawili waliandika vitabu vinene kudai kwamba lililogombaniwa lilikuwa tafsiri ya katiba. Mimi nawaamini zaidi walivyosema walipokuwa wanajitenga kuliko walivyosema walipokuwa wanajitetea.

Haikuwa ushuru wa forodha?

Ushuru ulizua mgogoro mkubwa mwaka 1832, South Carolina ilipotangaza kwamba sheria ya ushuru haitafanya kazi ndani ya mipaka yake, na Rais Andrew Jackson, yeye mwenyewe mtu wa Kusini na mmiliki wa watumwa, akatishia kutumia jeshi. Ila mwaka 1857 ushuru ulishushwa sana, na wabunge wa Kusini waliunga mkono. Sheria ya kuupandisha tena ilipita Machi 1861, wakati majimbo saba yameshaondoka na wabunge wake hawapo kuipigia kura ya kuikataa. Tamko la South Carolina la sababu za kuondoka halitaji ushuru hata mara moja.

Na haki za majimbo je?

Jiulize haki ya kufanya nini. Na tazama Kusini ilivyokuwa inazichukulia haki za majimbo ya wengine.

Sheria ya watumwa watoro ya 1850 ilitungwa kwa shinikizo la Kusini, na ilikuwa mkono mrefu wa serikali kuu kuliko chochote Wamarekani walichokuwa wamekizoea. Mtu mweusi aliyekamatwa Boston au Philadelphia na kudaiwa kuwa mtoro hakuruhusiwa kujitolea ushahidi, wala hakupata baraza la wazee wa mahakama. Kamishna aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akiamua mtu arudishwe utumwani, na dola 5 akimwachia. Raia wa kawaida angeweza kuamriwa asaidie kumkamata, na akimficha, faini na kifungo vilimngoja.

Majimbo kama Vermont, Massachusetts na Wisconsin yalitunga sheria za kuwalinda watu wao. Hapo majimbo yalikuwa yanatumia haki zao waziwazi, na Kusini ikafanya jambo hilo kuwa kosa la kwanza kwenye orodha ya malalamiko yake. Zaidi ya hapo, katiba ya Shirikisho haikuliachia jimbo nafasi ya kumzuia raia wa jimbo jingine asipite wala kukaa humo na watumwa wake. Haki ya jimbo kusema "sisi hatutaki utumwa kwetu" haikuwa kwenye orodha ya haki walizozililia.

Lincoln alikuwa anakuja kufuta utumwa?

Hakuwa anakuja na mpango huo. Chama chake kilitaka utumwa usienee kwenye maeneo mapya ya magharibi, na kilisema kwamba pale ulipokuwepo hakina mamlaka ya kuugusa. Mapema Machi 1861 Bunge lilipitisha hata pendekezo la kurekebisha katiba ili serikali kuu isiweze kamwe kuingilia utumwa ndani ya majimbo, na Lincoln kwenye hotuba ya kuapishwa akasema hana kipingamizi. Aibu hiyo ni ya Kaskazini, na nairudia kwenye swali la ubaguzi huko chini.

Waliondoka basi kwa hofu ya nini? Ya kesho. Katika miaka 72 ya katiba, kwa miaka 49 rais alikuwa mtu wa Kusini mwenye watumwa. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1857 katika kesi ya Dred Scott ilikuwa imesema mtu mweusi hawezi kuwa raia. Walikuwa na nguvu kubwa kuliko idadi yao, kwani katiba iliwahesabu watumwa watano kuwa sawa na watu watatu katika kugawa viti vya Bunge, bila mtumwa kupiga kura. Sasa mtu ameshinda urais bila kura yoyote ya maana kutoka Kusini. Waliona mizani imehama, na kwamba utumwa usiopanuka utadhoofika. Walisoma alama za nyakati sawasawa. Lakini kushindwa uchaguzi halali si dhulma.

## Sheria na katiba

Katiba ya Marekani iliruhusu jimbo kujitenga?

Ilinyamaza. Haikusema ndiyo wala la.

Waliotetea kujitenga walisema: majimbo yalikuwepo kabla ya Muungano, kila jimbo liliridhia katiba kwa mkutano wake lenyewe, na Marekebisho ya Kumi yanasema mamlaka ambayo hayakukabidhiwa serikali kuu yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Hata watu wa New England waliokutana Hartford mwishoni mwa 1814, wakichoshwa na vita dhidi ya Uingereza, walikuwa na wenzao waliotaka kujitenga.

Waliopinga walijibu kwamba mkataba wa kwanza wa majimbo uliuita muungano wao wa kudumu, na katiba iliyofuata ilitaja lengo la kuukamilisha zaidi. Kilichokamilishwa zaidi hakiwezi kuwa kimekuwa cha muda. Tena katiba inasema sheria za nchi nzima ziko juu ya za jimbo, na kumruhusu kila mmoja avue sheria hizo anapotaka ni kuifuta sentensi hiyo.

Rais James Buchanan, aliyekuwa anamaliza muda wake, alishika pande zote mbili: alisema jimbo halina haki ya kujitenga, na serikali kuu haina mamlaka ya kulizuia kwa nguvu. Naona wapinzani walikuwa na hoja nzito zaidi, lakini anayesema jambo hili lilikuwa wazi mwaka 1860 anajirahisishia. Kinachonishangaza ni kwamba waliojitenga walipoandika katiba yao wenyewe hawakutia ndani haki ya kujitenga, na utangulizi wake unazungumzia serikali ya kudumu.

Si Wamarekani wenyewe walijitenga na Uingereza mwaka 1776?

Walijitenga, na hawakudai kwamba sheria ya Uingereza inawaruhusu. Walidai haki iliyo juu ya sheria, ya watu kujiondoa chini ya utawala unaowadhulumu. Haki hiyo naikubali kwa moyo wote. Ila anayeidai hana budi kuonyesha dhulma. Makoloni yalilalamika kwamba hayana mwakilishi bungeni London. Kusini ilikuwa na wawakilishi, tena zaidi ya haki yake, kama jibu lililotangulia kuhusu Lincoln linavyoeleza.

Na kama haki ya kuasi dhulma ni ya wanadamu, basi waliokuwa na madai mazito kuliko wote katika South Carolina walikuwa watu 402,000 waliokuwa watumwa. Denmark Vesey aliijua haki hiyo. Alinyongwa Charleston mwaka 1822, yeye na wenzake zaidi ya 30, kwa kushtakiwa kupanga maasi ya watumwa.

## Nani aliulizwa?

Wananchi wa Kusini walipiga kura kujitenga?

Wazungu wanaume waliwachagua wajumbe wa mikutano maalumu, na mikutano ndiyo iliyoamua. Ni Texas, Virginia na Tennessee peke yake zilizorudisha uamuzi kwa wapiga kura. Mkutano wa South Carolina ulipitisha kwa kura 169 bila upinzani, na karibu wajumbe wote walikuwa wamiliki wa watumwa. Georgia kura za kuchagua wajumbe zilikaribiana sana. Mkutano wa Virginia ulikataa kujitenga tarehe 4 Aprili, ukageuka siku 13 baadaye, baada ya Sumter. Tennessee ya mashariki ilipiga kura kubaki. Sam Houston, gavana wa Texas na shujaa wa uhuru wake, alikataa kuapa utii kwa Shirikisho na akavuliwa ugavana.

Hao ni wale walioulizwa. Mississippi na South Carolina, wengi wa wakazi hawakuulizwa kabisa, maana wengi wa wakazi walikuwa watumwa.

Watumwa wenyewe walitaka nini?

Walijibu kwa miguu yao, na mara ya kwanza ilikuwa usiku ule ule.

Tarehe 23 Mei 1861 wapiga kura wa Virginia waliidhinisha kujitenga. Usiku huo wanaume watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walitoroka kwa mtumbwi. Walikuwa wamepelekwa kujenga ngome ya mizinga ya jeshi la Kusini, na walikuwa wamesikia kwamba watapelekwa mbali zaidi na wake na watoto wao. Wakapiga makasia kuvuka mlango wa bahari wa Hampton Roads hadi Fort Monroe, ngome iliyokuwa bado mikononi mwa serikali ya Muungano, kwenye rasi ile ile walikoteremshwa Waafrika wa kwanza Virginia mwaka 1619.

Kesho yake akaja ofisa wa Kusini akiwa na bendera nyeupe. Alitaka watu hao warudishwe, na alitaja sheria: ile ya watumwa watoro ya 1850. Jenerali Benjamin Butler, mwanasheria kabla ya kuwa jenerali, akamjibu kwamba Virginia imejitangaza kuwa nchi ya kigeni, na sheria ya Marekani haiwajibiki kwa nchi ya kigeni. Kama kanali mwenye watumwa hao yuko tayari kuja kuapa utii kwa Marekani, atarudishiwa. Hakuja. Butler aliwashikilia kama mali ya adui iliyotumika vitani, neno baya la kumwitia mtu, lakini hawakurudishwa, na ndani ya wiki chache mamia waliwafuata.

Mwaka mmoja baadaye, alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa rubani wa meli ya Planter, aliiondoa gatini Charleston maofisa wazungu wakiwa wamelala nchi kavu. Akawachukua mkewe, watoto na jamaa za wenzake, akavaa kofia ya nahodha, akapiga honi ya ishara sahihi kila alipopita ngome, Sumter ikiwemo, kisha akapandisha shuka jeupe mbele ya meli za Muungano. Baadaye alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani.

Kufikia mwisho wa vita, wanaume weusi wapatao 180,000 walikuwa wamevaa sare za jeshi la Muungano, wengi wao wakitoka majimbo ya utumwa. Anayetafuta kura ya maoni ya Wasouthcarolina weusi aihesabu hiyo.

Wazungu maskini wa Kusini walipigania nini, wakati hawakuwa na watumwa?

Wengi walipigania kwao, kwa sababu jeshi lilikuwa limefika kwao. Sidharau hilo. Karibu theluthi moja ya familia za wazungu katika majimbo 11 zilimiliki watumwa, na nyingine ziliwakodi, zilitarajia kuwanunua, au ziliambiwa kwamba bila utumwa zitakuwa sawa na watu weusi. Lakini kuanzia Aprili 1862 waliandikishwa jeshini kwa lazima, na Oktoba mwaka huo sheria ikamruhusu mzungu mmoja abaki nyumbani kwenye shamba lenye watumwa 20. Manung'uniko yalikuwa makubwa. Kaunti ya Jones huko Mississippi, Newton Knight na watoro wenzake wa jeshi walilipiga vita Shirikisho lenyewe.

## Ingekuwaje kama

Utumwa si ungekufa wenyewe, bila vita?

Haukuwa unakufa. Bei ya watumwa ilipanda sana katika miaka ya 1850, na hakuna anayelipa bei ya juu kwa kitu anachoamini kitakwisha kesho. Viongozi wa Kusini walikuwa wanaitamani Cuba. Njia ya kuwalipa wamiliki fidia ilijaribiwa: Lincoln aliipendekezea Delaware, jimbo lenye watumwa wachache kuliko yote ya utumwa, na Delaware ikakataa. Brazil iliendelea na utumwa hadi 1888. Hata tukisema Kusini huru ingeuacha mwaka huo, hiyo ni miaka 23 zaidi ya watoto kuuzwa mbali na mama zao. Nani wa kuwaambia wasubiri?

Kwa nini Kaskazini haikuwaacha waende zao?

Wapo wapinga utumwa waliotaka hivyo hivyo. William Lloyd Garrison alihubiri kwa miaka kwamba Kaskazini ndiyo ijitenge na wenye watumwa, na tarehe 4 Julai 1854 alichoma nakala ya katiba hadharani huko Framingham, Massachusetts. Hoja yake ilikuwa na nguvu: bila Muungano hakuna sheria ya watumwa watoro, na mpaka wa nchi huru ungekuwa mto Ohio badala ya Kanada. Jibu la Butler linaonyesha jinsi Garrison alivyoona mbali.

Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa, alilikataa wazo hilo. Aliona kwamba Kaskazini ilikuwa imeshiriki kuwatia watu minyororo, na kujitoa kungekuwa kuwatupa waliofungwa ili anayejitoa abaki na mikono safi. Niko upande wa Douglass. Njia ya mtumbwi hadi Fort Monroe iliwafaa waliokuwa karibu na maji. Kwa mama mwenye watoto wanne katikati ya Alabama, mpaka uliosogezwa hadi mto Ohio bado uko mbali mno.

Vita viliua zaidi ya watu 600,000. Si bora wangeachiwa?

Makadirio ni kati ya 620,000 na 750,000, na hakuna anayepaswa kuitaja hesabu hiyo haraka haraka. Lakini swali hili mara nyingi huweka maiti upande mmoja na amani upande mwingine. Upande mwingine hapakuwa na amani. Palikuwa na mijeledi, minada na mbwa wa kusakia watoro, kwa watu milioni 3.5 na watoto wao. Na risasi ya kwanza Sumter ilipigwa na Kusini.

## Maswali ya pembeni

Je, watu weusi walipigania Shirikisho?

Maelfu walipelekwa jeshini kama vibarua, wapishi na wachimba mahandaki, wengi wao bila hiari. Sheria ya kuwaandikisha kama askari ilipitishwa Machi 1865 tu, majuma machache kabla ya Jenerali Lee, kamanda wa majeshi ya Kusini, kusalimu amri. Howell Cobb, jenerali wa Georgia, aliipinga kwa maneno ambayo hayahitaji maelezo: watumwa wakiwa askari wazuri, basi nadharia yetu yote ya utumwa ni makosa.

Kaskazini nayo si ilikuwa na ubaguzi?

Ilikuwa nao. Viwanda vyake vilisokota pamba ya watumwa, mabenki yake yaliwakopesha wenye mashamba, na majimbo mengi yaliwanyima weusi kura. Lincoln aliandika Agosti 1862 kwamba kama angeweza kuokoa Muungano bila kumwacha huru mtumwa hata mmoja angefanya hivyo. Lakini tofautisha maswali mawili: Kusini iliondoka kwa nini, na Kaskazini ilianza kupigana kwa nini. La kwanza jibu lake lilikuwa utumwa tangu siku ya kwanza. La pili jibu lake lilibadilika, kwa sehemu kubwa kwa sababu watu kama Baker, Smalls na Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwani na kuwatorosha wengine, walilibadilisha. Ndipo ikaja Tangazo la Uhuru la tarehe 1 Januari 1863, na Marekebisho ya 13 ya katiba Desemba 1865.

West Virginia ilijitenga na waliojitenga. Hiyo ilikuwa halali?

Kaunti za milimani za Virginia, zenye watumwa wachache, zilikataa kuondoka, zikaunda jimbo lililopokelewa Juni 1863. Katiba inataka Virginia yenyewe iridhie, na iliyoridhia ilikuwa serikali ndogo iliyobaki tiifu kwa Muungano. Kisheria ni nyuzi nyembamba. Ila aliyeitetea haki ya Virginia kuondoka ana kazi ngumu kuwaeleza watu wa milimani kwa nini wao hawana.

Haya yanatuhusu nini sisi wa Pwani ya Afrika Mashariki?

Kwa kitambaa, kwanza. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar nguo za pamba, na merikani ikawa kama fedha njiani kuelekea Tabora na Ujiji, ikibadilishwa kwa pembe za ndovu. Pamba yake ilitoka Kusini. Vita vilipokatisha pamba hiyo, merikani iliadimika na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake.

Pili, huku nako kulikuwa na mabwana. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, na utumwa ukaondolewa kisheria 1897, huku wenye watumwa wakiahidiwa fidia na waliotumikishwa wasipewe kitu. Tunaowahukumu South Carolina tuwe tayari kuyasema hayo pia.

Ukikataa Kusini kujitenga, unakataa kila kujitenga? Mbona Tanzania iliitambua Biafra?

Sikatai. Tanzania ya Mwalimu Nyerere iliitambua Biafra, eneo la mashariki lililojitenga na Nigeria, tarehe 13 Aprili 1968, ingawa nchi za Afrika zilikuwa zimekubaliana Cairo mwaka 1964 kuheshimu mipaka ya wakoloni. Hoja ilikuwa kwamba Waigbo walikuwa wameuawa kwa maelfu mwaka 1966, na dola isiyowalinda raia wake haiwezi kuwadai utii. Hapo dhulma ilionyeshwa. Hata hivyo, wapo waliouliza kama makabila madogo ya delta ya Niger yaliulizwa kabla ya kutiwa ndani ya nchi mpya, na hilo ni swali la haki.

Katanga, jimbo la Kongo lenye madini, ni kesi nyingine. Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga Julai 1960, kampuni ya madini ya Wabelgiji ilikuwa nyuma yake, na Waluba wa kaskazini mwa jimbo wakachukua silaha kumpinga. Kwa kila mmoja nauliza mawili: wanakimbia dhulma gani, na walio ndani ya mipaka wanayoichora wote wameulizwa? Kusini ya Marekani ilishindwa yote mawili.

Jimbo la Marekani linaweza kujitenga leo?

Si kwa uamuzi wake peke yake. Mwaka 1869, katika kesi ya Texas dhidi ya White iliyohusu hati za mkopo za serikali zilizouzwa wakati wa vita, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Texas haikuwahi kutoka kisheria. Jaji Mkuu Salmon Chase aliandika kwamba Muungano hauvunjwi isipokuwa kwa mapinduzi au kwa ridhaa ya majimbo. Namna ridhaa hiyo ingetolewa hakuieleza, na haijawahi kuombwa.